Bunduki Niliyoipakia Garini Kwenda Maskati

Kabla ya safari

Wiki iliyopita, tulipokuwa tunakunywa kahawa kwangu Khoudh, hapa Maskati, mmoja wenu alisema kwamba siku hizi mtu mwenye akili aweke silaha moja chini ya kiti cha gari na nyingine chini ya mto wa kulalia. Nikamwambia asithubutu. Mkaniuliza mimi nnajua nini kuhusu silaha, mtu niliyeshika kalamu umri wangu wote. Nikasema niliwahi kusafiri na bunduki, kutoka Dubai mpaka Maskati, mwaka wa sitini na saba. Mkacheka, mkataka kujua ilikuwaje, na mimi nikasingizia kwamba nakwenda kutawadha. Sasa nakuandikieni, maana habari hii ina mahali ambapo nikisema kwa mdomo sauti hunikatika, na sitaki kukatikiwa na sauti mbele ya watu wanaokula halua.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne. Mimi na Mama tulikuwa Dubai mwaka wa tatu tangu kutoka Unguja, na Baba tulikwisha kumzika huko huko Dubai. Ikaja barua ya mjomba wangu Salum, anayekaa Maskati, imeandikwa kwa mkono wa mtu mwingine. Macho yake yanakufa. Amepata daktari Bombay, na meli inaondoka Jumamosi alasiri. “Daktari huenda akanirudishia macho, huenda akayamaliza,” ilisema barua. “Leo bado nnaona, mtu akikaa karibu. Mlete Zuwena kabla sijaondoka. Nataka nimwone dada yangu.”

Zuwena ni Mama. Alikuwa na miaka kumi na minne kaka yake alipopelekwa Arabuni kuangalia mitende ya babu, na tangu siku ile, miaka thelathini na moja, hawakuonana.

Mambo ya vibali na makaratasi nayaruka. Yaliyonishughulisha mimi yalikuwa mengine. Mwaka wa sitini na nne, siku za mapinduzi, watu walipoingia nyumbani kwetu Malindi ya Unguja, Baba alikwenda mlangoni na mimi niliingia ndani ya pipa la maji. Wakachukua redio na saa ya ukutani, wakaenda zao. Aliyenitoa pipani ni Mama. “Toka,” alisema, “wameshaondoka. Na maji hayo ndiyo ya kupikia.” Hakusema zaidi, lakini mimi niliapa kwamba sitalowa tena. Basi nilipopata habari ya safari, nilikwenda sokoni Dubai nikanunua bunduki ya zamani, ya kutia risasi moja moja, ndefu kunizidi, pamoja na mkanda wa ngozi wenye risasi kumi na mbili. Sikuwahi kufyatua bunduki maishani mwangu. Skuli walinifundisha hesabu za logi.

“Ya nini hiyo?” Mama aliuliza.

“Ya kukulinda njiani.”

“Mimi nnataka mto wa kukalia, Nasoro. Gari zile zinaumiza. Ungeninunulia mto.”

Dubai mpaka Buraimi

Dereva wetu alikuwa Murad, Mbaluchi wa Matrah, jirani na Maskati, aliyewahi kufanya kazi ya kupakua meli Mombasa na kurudi na Kiswahili cha bandarini. Gari ilikuwa Landrova ya turubai, imejaa magunia ya mchele. Mama alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma juu ya mchele, bunduki mapajani, kama askari wa kwenye picha.

Hatujafika mbali, Murad akasimamisha gari.

“Bwana Karani, hiyo bunduki yako inanitazama mimi tu. Wezi wako nje, mimi niko ndani.”

“Gari ndiyo inayoruka.”

“Ina risasi?”

“Ndiyo. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo.”

“Basi nipe fimbo, nitakushukuru mpaka Maskati.”

Sikuitoa risasi. Nilielekeza mtutu juu, ukatoboa turubai. Nikauelekeza nje, ukanasa kwenye mti wa mgunga, nami nikabaki nimeshika kitako huku gari inakwenda na mti hautaki kuachia. Mama alikuwa anakula tende na kutazama mbele, kama mtu aliyepakiwa na wageni.

Baada ya adhuhuri tuliingia kwenye tope karibu na mfereji wa shamba fulani, magurudumu yakazama. Tulisukuma saa nzima. Mimi nilikuwa nateleza, basi nikaigeuza bunduki mtutu chini, nikaitumia kama mkongojo. Ilinisaidia sana. Nilipopanda tena nilifuta kitako vizuri kwa kanzu, nikajiona mtu anayejua kutunza silaha. Tulifika Buraimi wakati wa magharibi, tukalala kwa jamaa wa Murad, tukala samaki mkavu na wali.

Mzee aliyekaa kiti cha mbele

Alfajiri ya Alkhamisi Murad alikuja na mzee mmoja. Mfupi, ndevu zimetiwa hina, miguu mitupu, mkononi fimbo ya mkunazi na kiunoni kisu ambacho ala yake imefungwa kwa uzi. Jina lake Hilali.

“Huyu atakwenda nasi mpaka mwisho wa bonde,” Murad alisema, akamkalisha mbele. Mama akahamia nyuma kwangu, juu ya magunia.

Mnajua mtu anavyoweza kumchukia mwenziwe bila ya kutukanwa. Mzee Hilali alikula visheti vya Mama, vile alivyompikia kaka yake. Alinusa bilauri ya chai kabla ya kunywa. Kisha akalala, akakoroma. Bonde lilikuwa jembamba, mawe kulia, mawe kushoto, na kila mara juu ya mawe wakatokea watu wenye bunduki. Mimi nikashika mtambo. Murad akapunguza mwendo, na mzee, bila ya kufumbua macho, akainua mkono na kusema maneno mawili. Wale wakainua mikono, sisi tukapita. Mara tatu ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nikasema moyoni, mvivu huyu ana marafiki wengi kweli kweli.

Mchana tulisimama penye kisima. Murad alichukua debe akaenda kutafuta maji. Mama alishuka, akasimama ameshika kiuno, hawezi kujinyoosha. Hapo nikamwendea mzee kwa Kiarabu changu cha chuoni.

“Mzee wangu, kiti hiki ni cha mama yangu. Na sisi tuna bunduki, hatuhitaji abiria.”

Alifumbua macho. Aliitazama bunduki kwa muda, akamtazama Mama.

“Huyu ni mama yako?”

“Ndiyo.”

“Basi ana haki ya kiti.” Akashuka, akachukua fimbo yake. “Mna hakika?”

“Tuna hakika.”

Alichota visheti viwili, akatuombea salama, akapanda njia ya mawe na kutokomea nyuma ya kilima. Mama, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha kusalia tu, aliniuliza mzee amekwenda wapi. Nikamwambia kwao.

Murad aliporudi na debe aliangalia kiti cha mbele, ambacho Mama alikwisha kukikalia.

“Mzee yuko wapi?”

“Nimemteremsha.”

Aliliweka debe chini taratibu, kama lina mayai.

“Umemteremsha. Bwana Karani, bonde hili lina wenyewe. Mtu wao akikaa na wewe garini, atakayekugusa wewe amemgusa yeye, na akimgusa yeye amewagusa wote. Asipokuwepo, wewe ni nani? Yule mzee ndiye aliyekuwa bunduki yetu!”

“Mbona hukuniambia?”

“Nikwambie nini? Nani asiyejua? Nikwambie pia gari ina magurudumu?”

Tena mimi ndiye niliyejiita Mwarabu Unguja nzima, na jina la kabila langu nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye kila daftari la skuli. Murad aliweka mikono mdomoni akaita, “Hilaliii!” Akaita tena na tena. Milima ikarudisha sauti, mzee hakurudi. Murad akataka tungoje. Mimi nikamwambia leo Alkhamisi, meli Jumamosi, na bunduki iko, awashe gari. Aliwasha. Naandika hapa ili ijulikane kwamba yeye alitaka kungoja.

Mtambo

Hatukwenda hata saa moja. Tulipokata kona, mawe yalikuwa yamepangwa katikati ya njia na watu watano wamesimama nyuma yake. Mmoja, mwenye ndevu zilizochanganyika nyeupe na nyeusi, alikuja mpaka dirishani. Akatoa salamu. Akauliza habari zetu. Kisha akamuuliza Murad, “Mwenzenu ni nani?”

Murad akatazama usukani.

“Nimeuliza, mwenzenu ni nani?”

Mimi nikayasikia maji ya pipa shingoni. Nilisimama juu ya magunia, nikatoa mtutu kwenye pembe ya turubai, karibu na bega la Mama, nikamwelekezea yule mtu kifua, nikavuta mtambo.

Tak.

Basi. Tak, kama mtu anayefunga kisanduku. Punda alipiga kelele mahali fulani. Kichwa cha Murad kilikuwa chini ya usukani. Wale wanne nyuma ya mawe walikuwa na bunduki zilizoninyookea mimi, na hata leo sijui kwa nini hawakunimaliza, ila nafikiri walikuwa wanangoja mkubwa wao aamue kama huu ni utani.

Yule mtu aliutazama mtutu, akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Pemba kabisa:

“Umemaliza, kijana, au unayo nyingine?”

“Nimemaliza,” nikasema.

“Basi teremka. Na Bi Mkubwa ateremke, jua kali.”

Mama aligeuka kwenye kiti. “We! Kumbe unajua Kiswahili?”

“Miaka kumi na tisa nimeuza nguo Wete, Bi Mkubwa. Jina langu Seif.”

“Wete, karibu na msikiti gani?”

Na mbele ya macho yangu, mimi nimesimama na bunduki mikononi, wakaanza kutajiana watu. Fulani amekufa? Amekufa, maskini. Na mkewe? Ameolewa. Doriani bado zinazaa vile? Wale wanne waliteremsha bunduki zao, wakakaa chini. Mwishowe Seif alinielekezea kidole. “Na huyu ana nini?”

“Msamehe, baba,” Mama akasema. “Huyu aliingia ndani ya pipa la maji mwaka ule.” Akamsimulia yote, pamoja na neno la maji ya kupikia. Seif akawafasiria wenziwe kwa Kiarabu. Wakacheka mpaka mmoja akajilaza juu ya mawe waliyotuzibia njia.

Kwa wenyeji

Walituchukua kwao, vibanda na nyumba za udongo chini ya mitende. Mama alipelekwa kwa wanawake, na mpaka kesho yake tulipoondoka sikusikia kutoka upande ule ila vicheko.

Kwenye mlango wa baraza ya wanaume, kaka yake Seif, ambaye ndiye shekhe wa pale, alinyosha mikono miwili. Alikuwa anataka bunduki yangu. Ndani ukutani palikuwa na vigingi, na bunduki kumi na moja zimening'inia. Desturi ya kule, mgeni akiingia humpa mwenyeji silaha yake, naye huining'iniza kwa mkono wake. Tangu hapo usalama wako uko juu yake. Ukikataa, umemwambia mbele ya watu wake kwamba nyumba yake si ya kuaminika. Mimi haya sikuyajua, nami nilikataa. Nikakaa na bunduki mapajani.

Kahawa ikapita, tende zikapita, hakuna aliyenitazama usoni. Ikaja sinia ya wali na mbuzi. Sasa mle wenyewe kwa mkono wa kulia, mmekaa chini, mmebanana watu wanane, na mapajani mna bunduki ndefu kuwazidi. Nilipoinama kuchukua tonge la pili, ilichurupuka, mtutu ukaingia kwenye wali mpaka nusu.

Shekhe aliutazama mtutu, akachagua kipande cha nyama chenye mafuta, akakiweka juu yake taratibu.

“Mgeni huyu mwembamba naye ale,” akasema.

Hapo walicheka wote, Murad kuliko wote. Nilitamani pipa.

Baada ya kula Seif aliniita nje. Aliichukua bunduki bila ya kuniomba, akaielekeza mlimani, akaifungua, akaitoa risasi. Kisha akatazama ndani ya mtutu kuelekea mwangani. Akageuza, akatazama tena. Akaenda kuleta fimbo ndefu nyembamba, akasukuma, na likatoka tope lililokauka, gumu kama tofali, na majani yake ndani. Lile la mfereji. Mkongojo wangu.

“Ulipovuta mtambo,” Seif aliuliza, “mama yako alikaa wapi?”

Nikamwambia mbele yangu, penye bega.

“Upande gani?”

“Kulia.”

“Nionyeshe kwa mkono.”

Nikamwonyesha. Akaniwekea risasi kiganjani. Nyuma ya risasi palikuwa na kishimo kidogo, mahali ilipogongwa.

“Hii ilikuwa kuukuu, imelala. Ingekuwa nzima, mimi nisingepata kitu. Moto usingepata pa kutokea mbele. Ungerudi kwako na kwa Bi Mkubwa.” Akanikunja vidole juu ya risasi. “Imekataa kwa rehema ya Mungu, si kwa akili yako.”

Nilikwenda mwenyewe nikampa shekhe bunduki kwa mikono miwili. Aliitundika kwenye kigingi cha kumi na mbili, akaniletea kahawa.

Nikamweleza habari ya mjomba na meli. Alisikiliza vizuri, akasikitika. Akasema kosa la mtambo wameliacha, kwa kuwa nimekuwa mgeni wa Seif. Lakini la Mzee Hilali si lao kuliacha. Mtu akishachukua wasafiri, hapana mwingine anayeweza kuwachukua mpaka yeye mwenyewe awaweke chini. Tungoje afike.

“Atafika lini?”

“Anatembea. Nimetuma mtu na punda akamtafute. Akifika, kafika.”

Alifika Ijumaa baada ya sala, juu ya punda, anatafuna kitu. Nilimbusu kipaji. Nilikuwa nimetunga hotuba ya Kiarabu tangu asubuhi, yote ikanipotea.

“Mama amepata kiti?” akaniuliza.

“Amepata.”

“Basi sina ugomvi. Visheti vimebaki?”

Nikamwuliza kwa nini hakurudi penye kisima. Murad aliita mpaka akapwelewa sauti, hakusikia?

“Nilisikia. Nilikuwa nyuma ya kilima, nimekaa.” Akajifuta ndevu. “Lakini Murad hakuniteremsha. Nilikuwa nangoja uite wewe.”

Alikuwa umbali wa kurusha jiwe. Neno moja tu, na sote tungelala Suhar, kule pwani, Alkhamisi ile ile.

Pwani mpaka mlangoni

Mzee alitutoa bondeni wakati wa magharibi, amelala tena kiti cha mbele, Mama nyuma kwa hiari yake. Walipoagana, Mama alimpa visheti vyote vilivyobaki pamoja na kopo. Bunduki nilirudishiwa, tupu, na risasi kumi na moja Seif alizizuia. “Nyingine ziko nzima,” alisema. “Hizo ndizo ninazoziogopa.”

Tulilala Suhar, tukaondoka Jumamosi alfajiri. Murad aliendesha juu ya mchanga mgumu wa pwani, maji yakituruka kila upande. Gurudumu likapasuka mara moja, kisha mara ya pili. Mama hakusema kitu ila kuuliza saa. Saa nne. Saa sita. Matrah tulipita saa tisa na ushei bila ya kusimama, tukapanda mlima, tukateremka kwenye lango la Maskati.

Zamani zile mji ulikuwa na ukuta na lango, na askari langoni. Askari alitazama ndani ya gari, akasema bunduki ya mtu wa nje haiingii. Niiache kwake, nitaichukua nikitoka.

Hapa ndipo panaponiuma kuliko bondeni. Kule sikujua. Hapa nilikuwa nimeshafundishwa, tena kwa nyama na wali. Lakini nilifikiri kwamba nitaingia kwa mjomba wangu mikono mitupu, kijana aliyetoka kwenye pipa, nikaanza kubisha. Nikamwambia haina risasi. Akasema basi itaachika kwa urahisi. Nikataka kumwona mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa anakunywa chai, tukamngoja amalize bilauri. Alikuja, nikamweleza habari ya marehemu Baba.

Mama aliteremka. Alikuja mpaka nilipo, akanipokonya bunduki, akampa yule askari.

“Shika, baba. Na ukimtaka huyu, mshike pia. Mimi nakwenda kwa kaka yangu.”

Akaingia langoni kwa miguu, buibui limepepea, nami nyuma yake. Ile bunduki sikurudi kuichukua.

Bandarini

Mke wa mjomba alitupokea mlangoni huku analia. Mjomba alikaa kwenye kibaraza siku mbili, kila anayepita anamshika mkono na kuuliza, “Zuwena?” Mashua ilikuja kumchukua, akairudisha. Ikaja ya pili, akaizuia mpaka mwenye mashua akaapa kwamba meli itamwacha. Ameondoka sasa hivi. Sasa hivi hii, mmepishana njiani.

Tulikimbia mpaka ufukweni. Meli ilikuwa nje, imeshaanza kutoa moshi. Tukapata mashua ya mpiga makasia mmoja, na Mama, ambaye bahari humtapisha hata akiitazama, alipanda wa kwanza. Tulipofika chini ya meli, ngazi ilikwishavutwa. Juu kabisa kwenye ukingo, katikati ya abiria, alisimama mtu mzima mwenye kilemba cheupe, ameshikwa mkono na jamaa yake.

“Salum!” Mama akapiga ukelele.

Yule mtu akatupa kichwa kama aliyepigwa. “Zuwena! Ni wewe?”

“Ni mimi!”

“Umefika?”

“Nimefika!”

“Umekula?”

“Sijala!”

“Nenda nyumbani ukale, wamepika!”

Abiria wote walikuwa wameinama ukingoni wanatusikiliza, wakifasiriana. Miaka thelathini na moja, na kaka mtu anauliza habari za wali. “Umenenepa?” akauliza. “Nimenenepa!” Mama akajibu, abiria wakashangilia.

Kisha akaanza kupunga mkono. Lakini hakupunga kwetu. Kando yetu, umbali kidogo, palikuwa na mashua ya mbuzi, imetandikwa turubai jekundu, nayo ndiyo iliyokuwa kubwa, yenye rangi, inayoonekana na macho kama yake. Aliipungia ile. “Nnakuona, Zuwena!” alikuwa anaita. “Wallahi nnakuona!” Akacheka, akajifuta uso kwa kilemba, akawapungia tena wale mbuzi.

Niliinuka nimwite ageuke. Mama alinivuta kanzu nikakaa. Alikuwa amenyosha mkono wake juu, anaupunga, polepole, na hakuushusha mpaka meli ilipozunguka jabali.

Aliporudi

Mjomba alirudi mwezi wa nne, macho yamekwisha kabisa. Mama alikaa naye nyumba moja miaka tisa, mpaka alipomzika. Walisikilizana vizuri, waligombana kwa ajili ya pilipili, na mjomba alipenda kumshika uso kwa viganja na kumwambia hajazeeka, naye Mama alikuwa akiniambia, “Mwache, ndiyo bahati yangu.” Hakunilaumu hata siku moja. Wala yeye mjomba, kwa sababu yeye hakujua kwamba kuna kitu alichokikosa.

Kila akija mgeni alimsimulia. Kwamba mwanga wa mwisho aliopewa na Mungu aliutumia kumtazama dada yake, siku ile bandarini, akamwona wazi kama anavyoonekana mtu mchana. “Alivaa nyekundu,” alikuwa akisema. “Nguo nyekundu, imemjaa mwili mzima. Si kweli, Zuwena?”

“Kweli,” Mama alikuwa akijibu, anachambua mchele.

“Nasoro alikuwepo. Nasoro, si nyekundu?”

“Nyekundu, mjomba,” nilikuwa nikisema. “Wallahi.”

Mama siku ile alivaa buibui jeusi.